Kozi ya jioni ya kuongea mbele ya watu hapa Dodoma: inafaa, ila kuna vitu warekebishe

Wadau, wengi mnaniuliza inboksi kuhusu ile kozi ya jioni ya kuongea mbele ya watu niliyosoma hapa Dodoma mjini, maeneo ya Makole, kama inafaa au ni kutupa hela, sasa bora niandike mara moja kila mtu asome maana kujibu mmoja mmoja nimeshindwa. Jibu la haraka ni kwamba inafaa, na mi ningeilipia tena. Ila kuna vitu vimenikera na nitavisema vyote, ndo maana jina la kituo siliweki hapa, sitaki mwalimu wa watu aanze kusumbuliwa kwa maneno yangu.

Mi ni afisa ugani, nazunguka kwa wakulima wa zabibu, Mpunguzi, Hombolo, Makutupora na vijiji vya jirani, kwa hiyo kazi yangu ni nusu shamba nusu mdomo. Unaweza ukajua magonjwa yote ya mzabibu kwa majina lakini kama wakulima wameondoka kwenye mkutano hawajui kesho asubuhi wafanye nini basi siku hiyo hujafanya kazi. Darasani pia kulikuwa na muuguzi, mwenyekiti wa mtaa, vijana wa UDOM wanaosubiri usaili wa Sekretarieti ya Ajira, dada mmoja katibu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na watumishi kadhaa wa wizarani ambao wanafika wamechelewa maana Mtumba mpaka mjini jioni ile sio karibu. Yaani watu wa kazi, sio watu wanaotaka kuwa maarufu.

Kabla ya hii niliwahi kuingia semina moja hotelini, kiingilio kikubwa, chai na sambusa, mzungumzaji katoka mbali, tukasimamishwa tukaambiwa tuseme "naweza" kwa nguvu, tukasema, tukatoka tumechangamka kweli. Lakini mle ndani aliyeongea ni mmoja tu, yeye. Sisi wengine hakuna aliyepewa hata dakika moja asimame ajikute ana macho ya watu usoni. Hii ya Makole ni kinyume kabisa, kila jioni lazima usimame, hata dakika mbili, na hiyo peke yake kwangu inatosha kuitofautisha.

Siku ya kwanza kuna nadharia, fupi, na nashukuru ilikuwa fupi. Mwalimu alichora ubaoni ule mchoro wa mawasiliano wa Claude Shannon, Mmarekani aliyekuwa anafanya kazi kwenye maabara za simu za Bell, aliutoa mwaka 1948 na mwaka uliofuata yeye na Warren Weaver wakautolea kitabu. Kuna anayetoa ujumbe, kuna kifaa kinachourusha, kuna njia unapopita, kuna kifaa kinachoupokea, kuna mlengwa mwenyewe, na hapo njiani ndo inaingia kelele. Shannon alikuwa anahangaika na laini za simu, hakuwa na habari na mkutano wa kijiji, alitaka kujua ujumbe utafikaje upande wa pili bila kuharibika. Watu wa mawasiliano wakauchukua baadae wakaongezea mrejesho, kwamba yule anayepokea na yeye anarudisha kitu, anatikisa kichwa, anakunja uso, anaangalia simu, na wewe unayeongea unatakiwa uone na ubadilike hapohapo.

Hapo kwenye kelele ndo tulikaa sana na pamenifaa kuliko pote. Mwalimu alituuliza kila mtu ataje kelele za sehemu yake ya kazi na zikaja nyingi mpaka ubao ukajaa. Kuna kelele za masikio, mvua inapiga bati la ofisi ya kijiji na hamsikilizani kabisa, upepo wa kiangazi unapiga turubai, bodaboda zinapita, jirani kafungulia redio. Kuna kelele za mwili, mkutano umeitwa saa nne umeanza saa saba, watu wana njaa, wengine wamesimama juani kwasababu kivuli cha mwembe kimejaa. Kuna kelele za moyoni, mkulima hajalipwa hela ya zabibu alizouza msimu uliopita, we unamwambia habari ya kununua dawa, hakusikii na sio kwamba hana adabu, ana jambo lake linamuuma. Na kuna kelele za lugha, unamwaga maneno ya kitaalamu mbele ya mzee ambaye anajua huo ugonjwa kwa macho kuliko wewe ila hilo jina hajawahi kulisikia.

Sasa alichosisitiza, na hiki nimekishika, ni kwamba kila kelele ina dawa yake na kupaza sauti kunatibu moja tu. Mvua ikinyesha juu ya bati nyamaza, subiri, au wasogeze watu wakae karibu. Njaa dawa yake ni kufupisha. Yule ambaye hajalipwa dawa yake ni kuanza na malipo yake, useme unachokijua kuhusu hilo, ndo uje kwenye dawa ya mzabibu. Watu wengi hapo wanachokosea ni kwamba wakiona hawasikilizwi wanaongeza sauti, na wakiongeza sauti mkutano unazidi kuwa mbali nao.

Haya, tuje kwenye kitu ambacho ndo roho ya hii kozi, karatasi. Kila mtu anagawiwa vikaratasi vidogo. Kabla hujasimama unaandika sentensi moja, kitu unachotaka watu waondoke nacho, unampa mwalimu anaikunja anaweka mfukoni. Ukimaliza kuongea hakuna makofi kwanza, wasikilizaji nao wanaandika sentensi moja, amesema nini, sio kaongea vizuri au vibaya, amesema nini. Zinasomwa zote kwa sauti, ya kwako inakuwa ya mwisho.

Ngoja niwape mfano wa yule dada muuguzi, anahudumia kliniki ya wajawazito. Jamani huyo dada anajua kuongea, sauti imetulia, anatabasamu, macho anamgawia kila mtu, akimaliza unatamani aendelee. Akaongea dakika zake nne kuhusu damu kwa mama mjamzito, chakula, vidonge, hatari za kujifungua damu ikiwa chini, umuhimu wa kuwahi kliniki. Vikaratasi vikaanza kusomwa. Kimoja kimesema wajawazito wale mboga za majani. Kingine, wahini kliniki. Kingine damu ni muhimu. Kingine kikasema chai ina madhara. Kikafunguliwa cha kwake: usimeze kidonge cha kuongeza damu pamoja na chai. Hakuna hata mmoja aliyeandika hivyo, wakati alilisema kabisa, nililisikia kwa masikio yangu, chai inazuia yale madini ya chuma yasifyonzwe vizuri mwilini kwa hiyo mama anameza kidonge kila siku na damu haipandi inavyotakiwa. Ila alilisema katikati, baada ya habari ya mchicha na kabla ya habari ya kujifungua, likapita.

Mwalimu hakumwambia chochote kuhusu sauti wala mikono, alimwambia tu rudia, anza na hiyo. Dada akanywa maji akasimama tena akasema, "Mama, kidonge chako cha damu meza na maji. Chai iache kwanza." Akanyamaza kidogo. Akaeleza kwanini. Akatuonyesha meza ya asubuhi, chupa ya chai ipo, kidonge kipo pembeni, mkono unaenda kwenye kikombe kwasababu ndo kilicho karibu, na hapo ndo mama anapojiharibia. Akamaliza kwa maneno yaleyale aliyoanza nayo. Hakuzidisha dakika mbili. Vikaratasi vilivyosomwa safari hii vyote vilikuwa kidonge, maji, chai baadae, kila mtu kwa maneno yake. Mi pale nilimuona mtu ambaye tayari ni hodari anakuwa hodari zaidi kwa kupunguza maneno, na nimeanza kuitumia hiyo kwa wakulima, nikimaliza mkutano namuomba mtu mmoja au wawili wawaambie wenzao kwa Kigogo au Kiswahili tumekubaliana nini, nikisikia kimetoka kingine najua pa kurudia kabla watu hawajatawanyika.

Kwenye mpangilio wa hotuba hawana mambo mengi na ni sawa tu: mwanzo, kiini, mwisho, na kiini kisizidi mambo matatu. Mfano aliotoa ni ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1978 ya vita na Idi Amin, watu waliozaliwa miaka mingi baada ya pale wanaweza kukutajia mambo yake matatu, uwezo, sababu na nia, na sidhani kama kuna Mtanzania mzima hajui. Kulikuwa na vitu vingi vya kusema siku ile, nchi imevamiwa, lakini kilichobaki vichwani ni matatu. Sisi maafisa ugani tuna tabia ya kubeba kila kitu, tukipata wakulima kwa saa moja tunataka tumalize magonjwa, mbolea, masoko, ushirika na bima. Mi sasa hivi kama ni msimu wa ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye mzabibu, naongelea ubwiri unga tu: ukaguaje majani, salfa upige mapema kabla haijasambaa, na usipige jua likiwa kali kwasababu inaunguza majani. Basi. Mengine siku nyingine.

Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, pia alitajwa, yale mambo yake matatu ya kushawishi, msemaji mwenyewe anaaminika kiasi gani, hoja zake, na hisia za wasikilizaji. Kidogo tu, ila nimeona watu wengi wanaosoma hizi kozi wanakimbilia hoja na hisia wakasahau la kwanza. Kijijini la kwanza ndo mlango. Mkulima anataka kujua we msimu uliopita ulikuja? Ulichosema kikatokea? Ukiahidi kurudi na mbegu ulirudi? Hapo huwezi kuongea vizuri siku ya mkutano ukafidia, hiyo hotuba unaanza kuitoa miezi kabla.

Jioni ya itifaki ilikuwa na mjadala mkali na mwalimu aliuendesha vizuri. Yule mzee wetu mwenyekiti wa mtaa alipewa dakika tano aongee kuhusu siku za gari la taka, wanatumia kengele kama bungeni, ya kwanza inakuonya ya pili umemaliza. Mzee akaanza kumtambua mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazee maarufu, wajumbe, wawakilishi wa vijana, ndugu waandishi kama wapo, mabibi na mabwana, akasema hana mengi ya kusema, akashukuru kwa nafasi, akatoa pole kwa jua. Kengele ya pili ikalia gari la taka halijatajwa. Vijana wakasema hizo salamu zifutwe zote, muda ni mali. Mzee akasema hapana, mkiwaruka wazee mmeshawatukana na hawatawasikiliza tena. Mi nipo na mzee kwenye hilo, huku kwetu ukiingia kwenye mkutano ukaanza na biashara bila hata "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, watu wanakuona umekuja kuamrisha. Salamu ndo zinazomfungua msikilizaji masikio. Lakini kutambua watu kumi na tano mmojammoja sio salamu. Walichokubaliana ni kizuri, msalimie kila mtu kwa pamoja kwa heshima, mtaje mgeni rasmi na mwenyeji, sema itifaki imezingatiwa, ingia kwenye jambo, na zile za "sina mengi" na "bila kupoteza muda" ziachwe kabisa maana hazimsaidii yeyote. Mzee akarudia na safari hii tukajua gari linapita Jumanne na Ijumaa na taka zitolewe nje saa ngapi, na heshima yake ilikuwepo palepale.

Sasa lawama ya kwanza na ndo kubwa. Kwenye slaidi zao kuna ile habari kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, na mwili 55. Mwalimu akaisema kwa kujiamini kabisa na vijana wakaiandika. Jamani hii kitu inazunguka kila semina na sio kweli kwa namna inavyosemwa. Inatoka kwa Albert Mehrabian, utafiti wa mwaka 1967 pale Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na alichokuwa anapima ni hisia, mtu akitamka neno mojamoja kwa sauti inayopingana na neno lenyewe, au ukionyeshwa na picha ya uso, utaamini kipi kuhusu kama anakupenda au hakupendi. Mehrabian mwenyewe ameshaeleza kwamba hizo namba ni za hali hiyo tu, mtu anapoongelea hisia zake. Hazina uhusiano na kumfundisha mkulima kipimo cha dawa. Ingekuwa maneno ni asilimia 7 basi mtu angeweza kusikiliza hotuba ya bajeti kwa lugha asiyoijua akaelewa karibu yote kwa kumuangalia Waziri wa Fedha mikono. Nililisema darasani kwa ustaarabu, mwalimu akapokea vizuri akasema ataangalia, ila jioni zilizofuata slaidi ilikuwa bado ipo. Itoeni jamani. Inawafanya watu wahangaike na mkono uko wapi wakati yule muuguzi ametuonyesha kwa macho kwamba shida ilikuwa kwenye maneno na mpangilio wake.

Sisemi mwili hauna kazi. Unayo. Ukisema umefurahi kuwaona watu huku unaangalia karatasi, wataamini macho yako sio mdomo wako, na hapo ndo Mehrabian yupo sahihi. Wanafundisha kusimama miguu imetulia, kuacha kuchezea kalamu, kumuangalia mtu mmoja mpaka wazo liishe ndo uhame kwa mwingine. Mambo ya kawaida, yanafaa.

Njia nne za kutoa hotuba wamezieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuzisikia: kusoma neno kwa neno, kukariri, kuongea papo kwa papo, na kuongea kwa muhtasari, yaani umejiandaa una vichwa vya mambo tu na maneno unayatunga ukiwa pale. Wengi tunadhani kusoma ni udhaifu. Sio, inategemea. Hotuba ya bajeti inayosomwa hapa Dodoma kila mwezi wa sita inasomwa kwasababu kila tarakimu ina uzito na inaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, huwezi kukisia. Taarifa ya mapato na matumizi ya VICOBA pia soma. Ila mkutano wa wakulima, mafunzo, usaili, hapo muhtasari ndo mfalme, kwasababu unakuachia macho ya kuona mrejesho. Kukariri walikukataza karibu kabisa na sababu wameionyesha kwa vitendo, kijana mmoja alikuwa amekariri majibu ya usaili, mwalimu akamkatiza katikati na swali dogo tu, akashindwa kujua aendelee wapi. Wakamfundisha badala yake abebe mifano mitatu ya kazi aliyowahi kufanya kwa mikono yake, swali lolote litakalokuja aangalie mfano upi unajibu. Kama unasubiri orali ya Ajira hiyo jioni moja inalipa ada yote.

Kuhusu woga, nilipenda kwamba hawakutuambia tusiogope. Wametueleza mwili unafanya nini, adrenalini inapanda, moyo unakimbia, mdomo unakauka, magoti yanalegea, mwili unajiandaa kukimbia au kupigana wakati we unatakiwa usome risala. Haitoki kwa kuambiwa jiamini. Inapungua kwa kupumua polepole kutokea tumboni, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na inapungua kwa kurudia, kwa hiyo sentensi ya kwanza na ya mwisho ndo pekee wanazokuruhusu kuzishika kichwani neno kwa neno, maana mwanzo ndo moyo unakimbia zaidi. Na maji, hewa ya Dodoma ni kavu, bebeni maji ya kawaida sio ya friji. Katibu wa VICOBA siku ya kwanza alikuwa anatetemeka karatasi inasikika, mwisho wa kozi ametusomea taarifa amesimama wima na alipoulizwa swali gumu la riba alilirudia kwanza ili wote walisikie, akajibu sehemu aliyokuwa na uhakika nayo, iliyobaki akasema ataleta jibu kikao kijacho. Hiyo ya kurudia swali kabla ya kujibu ni ndogo ila ukumbini wa nyuma huwa hawasikii swali kabisa, wanasikia jibu linaelea tu.

Lawama ya pili, maiki wameiweka karibu na mwisho. Hii ilitakiwa iwe jioni za mwanzo kwasababu huku kwetu karibu kila mkutano una maiki na spika za kukodi, na ukiharibu hapo mengine yote yanaharibika. Walichofundisha chenyewe ni kizuri sana: maiki iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, ielekee mdomoni sio angani, usiipulize wala kuigonga kuijaribu, ongea tu, usifunike kile kichwa chake na kiganja kama wanamuziki, na usipite mbele ya spika nayo maana itapiga mluzi mpaka watu wazibe masikio. Ukigeuza uso geuka nayo. Mtu wa mitambo msalimie kabla ya shughuli, mkubaliane ishara ya kuongeza na kupunguza. Mambo ya dakika chache lakini nimehudhuria sherehe ngapi ambapo risala nzima imepotea kwasababu maiki ilikuwa kifuani!

La tatu, video. Wanakurekodi ukiongea ili ujione, na kwakweli kujiona kunafundisha, unagundua unasema "kwa hiyo" kila baada ya maneno matatu na "aaa" ndefu ambayo hukuwa na habari nayo. Safi. Shida ni kwamba wanazitupa kwenye grupu la WhatsApp la darasa zima bila kumuuliza mtu. Kuna mama mmoja alikwazika, video yake ya siku ya kwanza anatetemeka ilikaa mle na mtu wa darasani akamtumia mtu wa ofisini kwake. Mama hakuacha kozi lakini alikaa jioni mbili haongei. Kituo kikaomba msamaha, ila utaratibu haujabadilika. Tumieni kila mtu ya kwake tu, ni kazi ya sekunde, na ombeni ruhusa kabla ya kamera kuwashwa. Unamfundisha mtu aliyekuja na woga halafu unampa sababu mpya ya kuogopa.

Na kijitabu ni cha Kiingereza kitupu. Darasa linaendeshwa kwa Kiswahili, mifano ya Kiswahili, watu tunaenda kuongea na Watanzania wenzetu kwa Kiswahili, halafu nyumbani unaenda kusoma hotuba za watu wa ng'ambo na mazoezi ya kutamka sauti za Kiingereza. Hata kile kipimo cha kasi, maneno 120 mpaka 150 kwa dakika, ni cha Kiingereza, sisi neno letu moja linabeba mtu, muda na kitendo kwa pamoja kwa hiyo ukifuata hiyo namba utakuwa unakimbizwa. Mwalimu alisema mdomoni tupime kwa kusikilizana wenyewe na ndo sahihi, basi kiandikwe. Yule mzee mwenyekiti kijitabu alimpa mjukuu wake.

Idadi ya watu pia. Wiki ya kwanza tulijazana mpaka wengine wanakaa mlangoni, zamu ya kuongea inakuwa dakika mbili haswa na vikaratasi vinasomwa harakaharaka. Baada ya baadhi kuacha ndo darasa likawa zuri. Wangepokea nusu ya wale tangu mwanzo hata kwa kuongeza ada kidogo mi ningelipa.

Ada yenyewe ni laki moja na elfu ishirini, wanakubali ulipe mara mbili, na cheti kipo ila msikifuate cheti. Kipindi kinaanza saa kumi na moja na nusu jioni mpaka saa mbili usiku, usafiri wa kurudi sio shida kwa wanaokaa Area C, Area D, Chang'ombe na Kisasa, ila wa Ihumwa na Nzuguni pangeni mapema na bajaji mnayoijua. Ukienda kujiandikisha uliza mambo mawili kabla hujatoa hela, wapo wangapi kwenye darasa hilo, na video zinatumwa wapi. Na nenda na mada yako ya kazini, ile ambayo unatakiwa kuiongelea kweli mwezi huo, usiende na mada ya kubuni. Aliyeongea kuhusu gari la taka na aliyeongea kuhusu kidonge cha damu ndo waliotoka na kitu, na waliokuja na "umuhimu wa elimu" waliishia kusomewa vikaratasi vya kila aina.

Wale wa wizarani mnaoniuliza kama kuna darasa la Jumamosi, mpaka namaliza lilikuwa halijaanza ila walikuwa wanakusanya majina pale kaunta.